Migongo Saba Ukutani kwa Mzee Awadhi

Wadogo zangu mnaoshika brashi, mmeniomba niandike nilivyofanya kazi, kwa kuwa nimeteremka ngazi na sina mpango wa kuipanda tena. Magoti yamegoma, na jicho la kushoto siku hizi linaona mawimbi kwenye kila mstari ulionyooka. Sitawaambia nililipwa nini, mtacheka. Nitawaeleza nilivyoanza, kilichonishinda, na ule ukuta mmoja wa Mchafukoge uliobakia kidogo unistaafishe kwa aibu.

Nilianza mtaa wa Gerezani, kwenye karakana ya Fundi Pazi, mtu mfupi, mkali, ambaye maandishi yake yalizunguka nchi nzima nyuma ya malori. Siku ya kwanza nilikwenda nimevaa shati jeupe, nikidhani uchoraji ni kazi ya mezani. Fundi Pazi aliliangalia lile shati kwa huruma, akanipa kopo la mafuta ya taa na brashi kumi na nne za kuosha. Kwa miezi mitatu sikuchora kitu. Niliosha brashi, nilipiga msasa bodi za malori, na nilishika ncha moja ya uzi wa chaki huku yeye ameshika ya pili, akiuvuta na kuuachia upige mstari. Mstari ukipinda, kosa lilikuwa upande wangu. Upande wake haukukosea hata siku moja katika miaka yote niliyomjua.

Alinifundisha vitu ambavyo bado vinafaa hata kwenu mnaochora kwanza kwenye simu. Upapase ukuta kabla hujauchora. Kiganja kikirudi na unga mweupe, usifungue kopo la rangi, kwangua kwanza. Neno lipime kuanzia herufi ya mwisho, si ya kwanza, vinginevyo utaandika DUKA LA VIPURI kwa herufi nene za kujidai halafu zile mbili za mwisho zibanane kama abiria wa basi la mwendokasi saa kumi na moja jioni. Na mwenye duka akikuambia anataka rangi zote, mpe mbili, mwambie zilizobaki zimeisha sokoni.

Herufi nilizipata mapema. Vichwa vilichukua muda. Nilipoanza kuchorea vinyozi wa Kariakoo nilikuwa najua kichwa kimoja tu, cha shemeji yangu, kwa sababu alikuwa anakaa kwetu hana kazi na hakuwa na haraka ya kuondoka. Kwa hiyo shemeji yangu alinyolewa mitindo yote, ya kijeshi, ya duara, ya kipara, saluni tisa tofauti, bila kukalia kiti cha kinyozi. Watu walikuwa wanamsimamisha barabarani kumuuliza bei.

Pale Feri, kwenye soko la samaki, niliwahi kumchorea mkaangaji mmoja samaki mkubwa aina ya changu juu ya kibanda chake. Wavuvi walikusanyika nyuma yangu, mpaka mmoja akauliza, "Fundi, huyu samaki ulishawahi kukutana naye?" Nilikuwa nimempa mapezi mahali ambapo Mungu hakumpa. Wakaniletea changu halisi, wakaniwekea juu ya ndoo, wakasimama kunisimamia mpaka nikapatia. Tangu siku hiyo sijachora kitu cha mtu bila mwenyewe kuwepo.

Lakini kilichonishinda moja kwa moja ni mikono. Fundi Pazi aliniambia waziwazi, "Shaibu, herufi zako nzuri, vichwa vinapita, ila mikono unachora mihogo." Badala ya kujifunza, nikajifunza kukwepa. Watu niliowachora mimi walitia mikono mifukoni, walijificha nyuma ya meza, walikumbatia magunia makubwa. Nilimchora daktari wa meno mikono yake yote miwili ikiwa ndani ya kinywa cha mgonjwa. Kwa miaka thelathini na kitu hakuna aliyegundua, nami nikajiona mjanja. Mtu akikwepa jambo muda wote huo husahau kabisa kwamba anakwepa.

Sasa nije kwenye ukuta wa Mzee Awadhi.

Mzee Awadhi ana duka la vifungo, zipu na nyuzi Mchafukoge, kwenye nyumba aliyoijenga babu yake aliyekuja kutoka Arabuni. Duka linatazama barabara, ila ubavuni kuna kichochoro, na kichochoro kile kila mwanamume aliyewahi kubanwa kati ya Kariakoo na Posta alikuwa anakijua. Mimi niliujua ukuta ule kwa kuuandikia makatazo. Mara ya kwanza niliandika USIKOJOE HAPA. Mara ya pili nikaongeza FAINI. Mara ya tatu, kwa maelekezo yake, nikaandika HAPA SI CHOO, MUOGOPE MUNGU, herufi nyekundu zenye kivuli cheusi. Ilikuwa kazi nzuri. Siku moja nikiwa nakunywa chai palepale, akaja mgeni amebanwa, anaangaza huku na huku. Akausoma mwandiko wangu wote hadi mwisho, akatulia kama mtu aliyeonyeshwa njia, akafungua zipu. Hapo nikaelewa kwamba miaka yote nilikuwa nawaelekeza watu.

Chai ile ilikuwa ya Mama Chausiku. Meza yake ilikaa mdomoni mwa kichochoro, imeegemea ukuta wa Mzee, na kwa meza hiyo alisomesha watoto wanne na kuuguza mume mpaka akamzika. Yeye na Mzee Awadhi walikuwa hawasemeshani mwaka wa tisa. Kisa ni moshi wa vitumbua. Mzee alidai umeingia kwenye vitambaa vyake vya bitana, na mama akamjibu kwamba bitana zile zilinuka kabla ya moshi. Tangu hapo walizungumza kwa kupitia mtu mwingine, na mara nyingi huyo mtu mwingine nilikuwa mimi.

"Fundi, mwambie huyo mama wateja wake wananikojolea ukuta," Mzee angesema, mama akiwa hatua mbili kutoka pale.

"Fundi, mwambie Mzee wateja wangu wana adabu zao. Wanaokojoa ni wanaotoka kwake na zipu mpya, wanazijaribu."

Kila mmoja alikuwa amemsikia mwenzake vizuri sana, lakini hawakuendelea mpaka mimi niwe nimerudia neno kwa neno.

Siku moja Mzee akamleta fundi wa kuchomelea, akapima mdomo wa kichochoro kwa futi. Alikuwa ameamua kuweka geti la chuma, amechoka na harufu. Geti likipanda, meza haina pa kukaa, kwa sababu mbele kwenye barabara mgambo hawaruhusu na nyuma hakuna mteja atakayekwenda. Mama Chausiku alikaa anakoroga sufuria iliyokuwa na maji matupu. Nilimwonea huruma, nikaiacha chapati yangu nusu.

"Fundi Shaibu," akaniambia baadaye, "maneno umeandika mpaka ukuta umekwisha. Hebu chora watu. Mwanamume hakojoi mbele ya watu anaowajua."

Nikapeleka ujumbe. Mzee Awadhi alinisikiliza huku anahesabu vifungo vya kanzu, akatikisa kichwa. "Sura za watu ukutani kwangu, hapana. Mimi mtu mzima, Fundi, safari yangu karibu. Nitakwenda kuulizwa."

"Basi nichore nini, Mzee?"

Akafikiri mpaka Saidi, msaidizi wake wa dukani, mtu mwenye wajukuu, akamaliza kumhudumia mshonaji mzima na kumrudishia chenji. "Migongo," akasema. "Wachore kwa nyuma. Mgongo sijasikia mahali kwamba una neno." Kisha akatoa sharti. Wiki sita. Zikiisha na ukuta bado unanuka, geti linapanda.

Nikaamua kazi hiyo iwe ya kuagia. Wiki mbili za kwanza sikuchora. Ukuta uliokojolewa miaka mingi una chumvi, na ukiupaka rangi juu yake inabanduka kama ngozi ya mtu aliyebabuka. Niliibomoa plasta yote kuanzia chini mpaka usawa wa magoti, nikauosha ukuta, nikauacha ukauke, nikapiga plasta mpya. Andikeni hilo mahali. Halafu nikawasimamisha watu wa mtaa, mmoja mmoja, wamenipa mgongo. Nilikuwa sijui kwamba mgongo una habari nyingi hivyo. Mwenyekiti wa mtaa, Bwana Mlawa, alivaa koti la suti kwenye jua la saa saba na kuniamuru nisichore kiraka. Mbonde, msukuma mkokoteni, bega lake la kulia liko chini kuliko la kushoto, na mtaa mzima ulimtambua kwa bega hilo kabla sijamfikisha kiunoni. Bi Hidaya mshonaji alikuja kupima mgongo wake ukutani kwa tepu yake mwenyewe, akaniambia nimemzidishia inchi mbili, nikampunguzia. Mama Chausiku alikubali. Saidi alikubali. Mimi nikajichora wa mwisho kule ndani. Mzee Awadhi, kama mwenye ukuta, alitaka awe wa kwanza upande wa barabara, kanzu nyeupe na kofia, palepale nyuma ya meza ya Mama Chausiku.

Migongo saba, kimo cha watu kweli, rangi zimekolea. Niliteremka ngazi mwisho wa wiki ya nne, nikarudi nyuma hatua kumi kama nilivyofundishwa, nikatazama, nikaona nimewahi kufanya kazi nyingi lakini hii ndiyo kazi.

Jioni ile Mama Chausiku alipoondoa meza, akapita kijana mmoja wa kuuza maji. Akasimama. Akaita mwenzake. Yule wa pili akaangua kicheko mpaka akakaa chini. Na mimi nilipotazama tena, nikaona walichokiona.

Watu wazima watano, wanaume, wamesimama wameuelekea ukuta, miguu imeachana kidogo, vichwa vimeinama, mikono yote iko mbele haionekani. Wanawake wawili kando yao, kama wanaosubiri zamu. Nilikuwa nimewakwepesha mikono watu saba kwa mazoea yangu yaleyale, nikaichora mitaa yote ya Mchafukoge inakojoa kwa pamoja, Mwenyekiti akiwa na suti.

Kesho yake asubuhi picha ilikuwa kwenye kila simu. Bwana Mlawa alikuja na koti lake lilelile. "Fundi, mimi ni kiongozi. Umenichora niko haja ndogo."

"Hapana Mwenyekiti, umesimama tu."

"Nimesimama nafanya nini?"

Wakati tukiwa tunabishana, akaja mwanamume mmoja na mfuko wa nyanya, akaukagua ule mstari kwa mbali, akajipanga nafasi ya nane. Mwenyekiti alimfukuza mpaka barabarani. Mchana ule walikuja wengine sita. Makatazo yangu yalikuwa yanawaonyesha njia, na sasa nilikuwa nimewapa na kampani.

Jioni Mzee Awadhi akaniita dukani, akanionyesha simu. Mtoto wake aliyeko Maskati ametumiwa picha na anauliza, "Baba, kuna shida gani nyumbani?"

"Wiki mbili zimebaki, Fundi," akasema Mzee, na akaiweka simu mfukoni taratibu.

Asubuhi nilikwenda na ndoo ya chokaa. Nilitaka kufuta kila kitu kabla watu hawajaamka vizuri, nipotelee Mbagala kwa dada yangu. Mama Chausiku alikuwa ameshawasha moto. Akaja akasimama kati yangu na ukuta, na upawa mkononi.

"Unafuta nini?"

"Mama, nimekuharibia. Naona aibu."

"Aibu utaona baadaye. Hao watu wamekosa mikono. Wape mikono, kila mtu ataona anachofanya."

Nikamwambia kweli. Nikiwa na mvi kichwa kizima, nikamwambia mama muuza chai kwamba mimi sijui kuchora mkono. Sikuwahi kumwambia mtu hata mke wangu. Hakucheka. Akafuta unga kwenye kanga, akanyoosha mkono wake mbele ya macho yangu, akasema, "Huu hapa. Hauendi mahali mpaka saa tatu."

Nilichora mkono ule kwa chaki mara kumi na moja. Wa kwanza ulikuwa muhogo. Wa nne ulikuwa muhogo wenye kucha. Wa kumi na moja, mtu mmoja aliyekuwa anakunywa chai akasema bila kuulizwa, "Huo sasa ni wa Mama Chausiku," nikahisi nimeanza kazi siku ile.

Habari ikaenea kwamba fundi anatafuta mikono. Watu wakaanza kuja kuniazima yao. Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, maana siku hizi nawaona mnapiga picha mnaondoka kwenda kuchora kwa kutazama simu. Ili mkono uonekane kwa nyuma, lazima utoke ubavuni, na ukitoka ubavuni unamfikia jirani. Kwa hiyo niliwasimamisha wawili wawili. Mbonde alitaka mkono wake ukae begani kwa Mwenyekiti. Hawa wawili walikuwa na ugomvi wa maegesho ya mkokoteni. Lakini huwezi kumshika mtu bega nusu saa nzima mmenyamaza. Dakika ya tano wakaanza habari za mpira, ya kumi na tano wakafika kwenye mkokoteni, na nilipowaambia wamemaliza walikuwa bado wanazungumza, mkono uko palepale. Bi Hidaya alishikana mkono na Saidi, ambaye tangu zamani alikuwa akimpunja kila alipokuja dukani kununua nyuzi, na Saidi akakiri. Waliosimama kungoja zamu waliagiza chai. Wapangaji wa ghorofani walishuka na watoto kuja kuangalia, wakajuana majina na watu waliokuwa wanapishana nao ngazini kila siku. Picha yenyewe nadhani isingefanya kitu peke yake. Kilichofanya kazi ni kule kusimama.

Mzee Awadhi hakutaka kusimama. Alimtuma Saidi alete mkono kwa niaba yake. Nikachora mkono wa Saidi ukitoka kwenye mkono wa kanzu ya Mzee, na kidole gumba chake kilichopondwa na mlango. Siku mbili baadaye Mzee akatoka kwenda kusali, akapita, akasimama.

"Huu si wangu."

"Ni wa Saidi, Mzee. Ndio ulioletwa."

Akaenda kusali. Aliporudi akavuta kiti chake mwenyewe, akakaa karibu na meza ya Mama Chausiku kwa sababu mwanga mzuri uko pale, akakunja mkono wa kanzu na kunipa kiganja kilichofunguka, kinachotazama juu. Alikaa hivyo nusu saa. Mama Chausiku alikuwa anakaanga vitumbua vyake, ila siku hiyo nilimwona anapepea moshi uende upande mwingine.

Wiki ya sita watu walikuwa wameacha kukojoa pale. Asubuhi moja nilishuhudia kijana ameingia kichochoroni mbio, mkono uko kwenye zipu. Akainua macho. Akaona mikono imeshikana huku na huku, na mgongo wa Mbonde ambao aliufahamu. Akasema, "Samahanini, wazee," akageuka akaondoka.

Siku ya mwisho, geti likaja hata hivyo. Mzee alikuwa ameshaliagiza na hakuwa amesema kama amebadili nia. Lililetwa kwenye mkokoteni wa Mbonde, na Mbonde safari ya dakika kumi kutoka Gerezani aliifanya kwa saa nzima, akisimama kila kona kusema ana kichomi, fundi wa kuchomelea akimfuata nyuma anamkemea. Mtaa ukajaa. Mama Chausiku alikuwa amevaa kanga zake nzuri, nadhani hakutaka aondolewe akiwa na zile za unga.

Mzee Awadhi akatoka. Akaingia kichochoroni peke yake, akainama, akanusa ukuta kuanzia mgongo wangu, mmoja baada ya mwingine, mikono iko nyuma kama mkaguzi. Akafika kwenye mgongo wake mwenyewe. Kisha akageuka, akamtazama mama usoni.

"Mama Chausiku, sogeza meza."

Mwaka wa tisa, na hilo ndilo neno lake la kwanza. Mama akachukua birika.

"Niisogeze mpaka wapi, Mzee?"

"Inaniziba mkono. Nimeukalia nusu saa, wapita njia hawauoni." Akaonyesha baraza la duka lake, kando ya mlango, chini ya kivuli. "Iweke pale. Pale ni kwangu, mgambo hawana la kusema."

Fundi wa kuchomelea akauliza geti alipeleke wapi. "Mpelekee Mwenyekiti," Mzee akajibu, "atajua pa kulifungia."

Mimi nilikwenda nyuma kuosha brashi nilizokuwa nimeshaziosha, kwa sababu nilikuwa nalia na nilikuwa mtu mzima mbele za watu. Niliporudi meza ilikuwa barazani, na Mzee Awadhi amekaa kwenye kiti chake karibu nayo.

"Fundi, mwambie..." akaanza kwa mazoea, akaacha. Akasafisha koo. "Mama Chausiku, nipe na mimi chai. Ila sukari daktari amenikataza."

"Najua, Mzee." Alikuwa ameshamimina. "Kile kikombe Saidi anachokuja kununua kila siku saa nne na kukipeleka dukani, anasema chake, miaka tisa yote sijakitia sukari. Saidi ninayemjua mimi anaweka vijiko vinne."

Mzee Awadhi akageuka kumtafuta Saidi. Saidi alikuwa ameuelekea ukuta, ametupa mgongo, anahesabu vidole vya Bi Hidaya kama kuna kilichopungua.